Ubaguzi wa umri dhidi ya wanawake wazoefu katika kazi za mawasiliano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya maafisa uhusiano, wahariri, watangazaji, waandishi wa hotuba, wasimamizi wa kampeni na wakuu wa idara za mawasiliano ambao wameanza kuhisi kwamba miaka yao kazini inahesabiwa kama deni. Karibu na mwisho kuna majibu ya waajiri pia. Maswali hayakupangwa kwa uzito. Soma lile linalokugusa.

Ubaguzi wa umri uko kila mahali. Kwa nini mnawataja wanawake wa mawasiliano?

Ni kweli uko kila mahali. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila wawili duniani ana mitazamo ya kibaguzi kuhusu umri. Wanaume nao wanaumia. Ila wanawake huanza kuumia mapema na huumia zaidi, na hilo limepimwa. Wachumi watatu wa Marekani walituma zaidi ya maombi 40,000 ya kazi ya watu wa kubuni waliofanana kwa kila kitu isipokuwa umri, kisha wakasubiri kuona nani angeitwa. Katika kazi za ukarani wa ofisini, wanawake wa miaka 64 hadi 66 waliitwa pungufu kwa asilimia 47 kuliko wa miaka 29 hadi 31. Kwa wanaume matokeo hayakuwa makali wala ya moja kwa moja kiasi hicho.

Kwenye mawasiliano yanaongezeka mambo mawili. Kwanza, hii ni kazi ya kuonekana. Hata asiyekaa mbele ya kamera huwa ndiye sura ya taasisi mbele ya waandishi wa habari, wateja na wafadhili, na mwanamke hukaguliwa sura kabla ya kusikilizwa. Pili, na hili naliona zito zaidi ingawa halisemwi sana, sehemu bora ya kazi ya mwanamawasiliano mzoefu haionekani. Ni ile taarifa aliyoizuia isitoke saa nne usiku kwa sababu alijua kesho yake ingesomwaje. Ni ule mgogoro uliofia kwenye simu mbili. Kijana aliyepandisha wafuasi wa ukurasa ana takwimu ya kuonyesha. Aliyezuia aibu hana, kwa sababu aibu haikutokea. Bosi anapotafuta wa kupunguza, anayebaki na takwimu ndiye anayeonekana ana kazi.

Kumbuka pia kwamba katika nchi nyingi wanawake ndio wengi kwenye taaluma hii, hasa ngazi za chini na za kati. Ukipanda juu wanapungua. Wale wanaopungua wanakwenda wapi ni swali ambalo vyama vya taaluma vingepaswa kulifuatilia kwa bidii ile ile vinayoiweka kwenye sherehe za tuzo.

Unaanza kwenye umri gani?

Mapema kuliko unavyodhani. Mwaka 1981 mtangazaji Christine Craft aliondolewa kwenye kiti cha kusoma habari katika kituo cha televisheni cha Kansas City, Marekani. Kwa maelezo yake, aliambiwa kwamba watazamaji wanamwona amezeeka mno, havutii, na hanyenyekei vya kutosha mbele ya wanaume. Hakuwa amefika hata miaka 40. Mabaraza ya wazee wa mahakama yalimpa ushindi mara mbili, lakini wa kwanza ulifutwa na jaji na wa pili ukatenguliwa na mahakama ya rufaa.

Mfano wa karibu zaidi haumhusu mtangazaji, ila unaonyesha hesabu ilivyo vichwani mwa watu. Kampuni ya ufundishaji kwa njia ya mtandao, iTutorGroup, ilishtakiwa Marekani kwa sababu programu yake ya kupokea maombi ilikuwa imeelekezwa kuwakataa wanawake kuanzia miaka 55 na wanaume kuanzia miaka 60. Mwaka 2023 ilikubali kulipa dola 365,000 kumaliza kesi hiyo. Tazama tarakimu hizo mbili. Kuna mtu aliyekaa akaamua kwamba mwanamke huchakaa miaka mitano kabla ya mwanamume, kisha akaiandikia kompyuta.

Na usidhani kuna umri fulani katikati ulio salama. Msichana huambiwa bado hajakomaa. Wa miaka ya thelathini anaulizwa atazaa lini, na wa arobaini anasemwa ana majukumu mengi nyumbani. Akifika hamsini, tayari "ni wa zamani". Wengi wetu tumeusubiri mwaka ambao tungeambiwa tumefaa, na haukuja.

Nitajuaje kwamba tatizo ni umri wangu na si kazi yangu?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, kwa sababu siku hizi hakuna anayekuambia umezeeka. Maneno yanayotumika ni laini: "tunahitaji nguvu mpya", "tunaboresha mwonekano wa chapa", "mazingira yamebadilika", "hadhira yetu sasa ni vijana". Kila moja linaweza kuwa kweli. Linaweza pia kuwa kifuniko.

Anza na mlinganisho. Je, mwanamume wa rika lako, au anayekuzidi, ameambiwa hivyo hivyo? Mwaka 2022 mtangazaji mkuu wa habari wa CTV nchini Kanada, Lisa LaFlamme, aliondolewa akiwa na miaka 58. Kituo kilieleza kwamba ni uamuzi wa kibiashara unaotokana na mabadiliko ya tabia za watazamaji. Mwanamume aliyekalia kiti hicho kabla yake, Lloyd Robertson, alistaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 77. Kiti ni kile kile na habari ni zile zile.

Kisha tazama mfululizo. Umeondolewa kwenye orodha ya barua pepe za mkakati. Mafunzo ya zana mpya wamepelekwa wengine bila wewe kuulizwa, halafu miezi sita baadaye unaambiwa hujui zana mpya. Umeacha kuitwa kwenye mikutano na mteja ila bado unaombwa "upitie tu kidogo" waraka kabla haujaenda, maana yake bado wanaamini jicho lako lakini hawataki lionekane. Tathmini zako zilikuwa nzuri miaka yote, ghafla zikashuka alipoingia mkuu mpya, na maelezo hayana mfano hata mmoja wa kazi iliyoharibika. Jambo moja kati ya haya si ushahidi. Yakiwa manne ndani ya mwaka, yaandike.

Hata hivyo jiulize kwa ukweli upande wa pili. Lini mara ya mwisho ulijifunza kitu cha kikazi ambacho hukulazimishwa? Kama huna jibu la haraka, hilo nalo ni la kushughulikia, na kulishughulikia hakufuti haki yako ya kulalamika.

Kila usaili naambiwa "una uzoefu kupita kiasi". Nijibu nini?

Kauli hiyo huwa na hofu moja kati ya tatu: utadai mshahara mkubwa, utachoka na kuondoka, au utamtisha atakayekuwa bosi wako. Usianze kuutetea uzoefu wako wakati hujajua unajibu hofu ipi. Uliza kwa upole: "Ni sehemu gani ya kazi hii mnayoona uzoefu wangu utaikwaza?" Mara nyingi watalazimika kuitaja.

Kama ni mshahara, waambie kiwango unachokubali bila kuomba radhi. Kama ni kuondoka, eleza kwa nini unaitaka kazi hii hasa, kwa mambo mahususi na si kwa kuonyesha shida. Kama ni hofu ya bosi, eleza tukio ulipofanya kazi chini ya mtu mdogo kwako na kitu gani kilifanikiwa.

Halafu igeuze hoja kuwa kazi. Wape tukio moja la wakati wa msukosuko: kilichotokea, ulichoshauri, ulichokataa, na gharama ambayo taasisi iliepuka. Dakika mbili zinatosha. Usiwape hadithi ya miaka ishirini. Kosa la wazoefu wengi kwenye usaili ni kusimulia historia badala ya kuonyesha uamuzi. Mwajiri hanunui miaka yako. Ananunua uamuzi utakaoufanya mwezi ujao.

Je, nifute miaka kwenye wasifu wangu?

Futa mwaka wa kuhitimu kama nafasi haikuulizi. Acha kazi za miaka kumi hadi kumi na mitano ya mwisho kwa undani, na zilizotangulia ziweke kwenye mstari mmoja au miwili bila tarehe. Huo si uongo. Wasifu si cheti cha kuzaliwa.

Lakini nisikudanganye: ujanja huu unakufikisha mlangoni tu. Ukiingia, watakuona. Kwa hiyo nguvu zako nyingi ziweke kwenye kile kilichobaki kwenye karatasi. "Nilisimamia idara ya mawasiliano" haisemi kitu. "Niliongoza majibu ya taasisi kwa siku tisa za uchunguzi wa bunge, na hakuna taarifa tuliyolazimika kuirekebisha" inasema kitu. Kazi yako ilikuwa kuwaandikia wengine sentensi za namna hiyo. Jiandikie na wewe.

Anwani ya barua pepe yenye mwaka wako wa kuzaliwa ibadilishe leo. Picha ya zamani sana kwenye LinkedIn pia iondoe, kwa sababu tofauti kati ya picha na mtu anayeingia chumbani huzaa maswali kuliko mvi zenyewe.

Nipake nywele rangi?

Ukipenda.

Swali hili huja na uchungu ambao jibu fupi halitoshi kuutuliza. LaFlamme aliacha kupaka nywele rangi wakati wa janga la korona, na alipoondolewa, magazeti ya Kanada yaliripoti kwamba mkubwa mmoja aliwahi kuhoji nani aliruhusu mvi zile. Nchini Uingereza, Miriam O'Reilly, mmoja wa watangazaji wa kipindi cha Countryfile cha BBC, alieleza mbele ya baraza la kazi namna alivyotahadharishwa kuhusu mikunjo ya uso wake sasa kwa kuwa televisheni zinaonyesha picha angavu. Kwa hiyo ndiyo, nywele na ngozi vinatazamwa, na anayekuambia havitazamwi anakuongopea.

Bado nadhani uamuzi ni wako na haupaswi kugeuzwa kuwa msimamo wa kisiasa na upande wowote. Mwanamke anayepaka rangi hajasaliti wenzake, na anayeacha mvi hajajichokea. Ninachokishuku ni ushauri unaoishia hapo, yaani semina nzima ya "kubaki kwenye ushindani" inayofundisha vipodozi na mavazi. Humpa anayebaguliwa kazi ya ziada, ya gharama, na anayebagua hapewi hata swali moja.

Wanasema mitandao ya kijamii na akili mnemba ni mambo ya vijana. Nina nafasi gani?

Unayo, lakini usiitafute kwa kujifanya kijana. Anayekulia na simu mkononi anajua kuitumia. Hilo peke yake halimfundishi kuandika msimamo wa taasisi pale video inapovuma na nusu yake ni ya uongo. Ujuzi wa zana na ujuzi wa uamuzi ni vitu viwili, na taasisi nyingi huchanganya.

Kuhusu zana zenyewe: keti uzijifunze. Kiwango kinachohitajika si cha fundi. Unatakiwa uweze kufungua dashibodi ya takwimu bila kumwita mtu, usome kilichopanda na kilichoshuka, na uulize swali la maana juu yake. Zana za akili mnemba sasa zinaandika rasimu ya taarifa kwa vyombo vya habari kwa sekunde, na rasimu hizo zinasomeka vizuri hata zikiwa na kosa ndani. Anayeweza kunusa sentensi itakayoleta matatizo, nukuu ambayo hakuna aliyeitamka, au ahadi ambayo taasisi haiwezi kuitimiza, ni yule aliyewahi kuona sentensi kama hiyo ikiwaka moto. Sema hivyo kwenye usaili, kisha onyesha kwa mfano: rasimu ya mashine, marekebisho yako, na sababu ya kila rekebisho. Nimeona hilo likibadilisha hali ya chumba.

Tangazo la kazi linalotaka "kijana mchangamfu" au "aliyezaliwa na dijitali" ni suala jingine. Huko tatizo si wewe. Kwa muda waajiri waliweza hata kuchagua matangazo yao ya kazi yaonekane na watu wa umri fulani tu kwenye Facebook, bila wengine kujua nafasi ipo. Baada ya kesi kadhaa, Machi 2019 kampuni hiyo ilikubali kuondoa uwezo huo kwa matangazo ya kazi nchini Marekani.

Mkuu wangu mpya ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano. Nikae naye vipi?

Kama bosi wako. Mshauri faraghani, mtetee hadharani, na usianze sentensi kwa "sisi zamani tulikuwa". Akikuita mama au shangazi mbele ya wateja na hupendi, mwambie mkiwa wawili kwamba kazini ungependa jina lako. Heshima ya rika ni njema, ila mezani kwenye mkutano inaweza kukustaafisha kabla ya wakati.

Nina dalili za ukomo wa hedhi na nimeanza kusahau maneno katikati ya uwasilishaji. Nimwambie mtu?

Ukomo wa hedhi huwapata wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, yaani hasa pale ambapo wangepaswa kushika nafasi za juu. Kukosa usingizi, joto la ghafla na kupotewa na neno ni dalili zinazojulikana, na nyingi zina matibabu. Kwa hiyo wa kwanza kumwambia ni daktari.

Kazini, unaweza kuomba unachohitaji bila kutaja sababu yote: mikutano mikubwa asubuhi, chumba chenye hewa, maandishi machache ya kushika mkononi. Kama una mkuu unayemwamini, mwambie zaidi. Kama humwamini, usilazimishwe na kampeni yoyote ya uwazi. Siri ya mwili wako si nyenzo ya mafunzo ya kampuni.

Sheria inanilinda?

Mara nyingi ndiyo, ila kwa viwango tofauti sana, na karibu kila mahali kuna mwanya ule ule.

Marekani ina sheria ya mwaka 1967 inayowalinda wafanyakazi kuanzia miaka 40 katika sehemu za kazi zenye waajiriwa 20 au zaidi. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikaza masharti: mlalamikaji lazima aonyeshe kwamba bila umri wake uamuzi ule usingefanyika, haitoshi umri kuwa sababu mojawapo. Uingereza iliuweka umri ndani ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inataja umri miongoni mwa misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kubagua kwayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 27, nayo inautaja.

Mwanya ni huu. Sheria hupenda kuuliza: ulibaguliwa kwa umri, au kwa jinsia? Mwanamke wa miaka 53 anabaguliwa kwa vyote viwili kwa pamoja. Mwajiri anaweza kuonyesha wanawake wadogo aliowaajiri ili kukana jinsia, kisha akaonyesha wanaume wazee alionao ili kukana umri, na mama akaanguka katikati. Kesi ya O'Reilly mwaka 2011 inaonyesha hali hiyo: alishinda kwa upande wa umri na wa kuandamwa kwa kulalamika, lakini dai lake la ubaguzi wa jinsia lilikataliwa. Sheria ya Uingereza iliwekewa kifungu cha 14 kilichokusudiwa kushughulikia ubaguzi wa sababu mbili kwa pamoja, kikakaa zaidi ya miaka kumi bila kuanza kutumika.

Jambo la haraka kuliko yote ni muda. Madirisha ya kulalamika ni mafupi. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Marekani, malalamiko hupelekwa kwa tume ya fursa sawa za ajira ndani ya siku 180, au 300 katika majimbo mengi. Wanawake wengi hupoteza haki yao wakiwa bado wanajishauri kama "walizidisha". Muone mwanasheria wa masuala ya kazi wiki ile ile, hata kama hujaamua kushtaki.

Nikusanye ushahidi gani?

Andika tarehe, mahali, aliyesema, alichosema kwa maneno yake, na waliokuwepo. Andika siku hiyo hiyo. Weka daftari hilo nje ya kompyuta ya ofisi. Hifadhi nakala za tathmini zako, barua za pongezi, na tangazo la nafasi yako kama litatolewa upya kwa jina jingine, maana cheo "kilichofutwa" hufufuka mara nyingi na mtu mdogo ndani yake. Usijitumie nyaraka za siri za mwajiri kwenye barua pepe yako binafsi. Hilo peke yake linaweza kugeuka kuwa sababu halali ya kukufukuza.

Baada ya mazungumzo ya mdomo yaliyokutia shaka, tuma ujumbe mfupi wa kistaarabu: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa kwamba kuanzia mwezi ujao sitasimamia mahusiano na vyombo vya habari, na kwamba sababu ni kuleta sura mpya. Tafadhali nirekebishe kama nimeelewa vibaya." Asiporekebisha, una maandishi. Akirekebisha, una maandishi pia.

Wameniletea makubaliano ya kuondoka kwa hiari na wanataka nisaini leo.

Usisaini leo.

Anayekupa kiinua mgongo kizuri cha hiari na kukunyima usiku mmoja wa kufikiri anajua kitu ambacho wewe hujakijua. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1990 inataka mfanyakazi wa miaka 40 na kuendelea apewe angalau siku 21 za kutafakari kabla ya kuachilia haki yake ya kudai ubaguzi wa umri, siku 45 kama ni upunguzaji wa kundi, na siku 7 za kubatilisha hata baada ya kusaini. Nchi yako inaweza isiwe na kanuni hiyo, lakini unaweza kuomba muda huo kokote. Soma vipengele vitatu kwa makini: unachokatazwa kusema, ni wapi unakatazwa kufanya kazi na kwa muda gani, na nani ataandika barua yako ya utambulisho na itasema nini. Hicho cha mwisho watu hukisahau, na ndicho kinachowafuata kwenye usaili wote unaofuata.

Bora nijiajiri kama mshauri?

Huenda. Ushauri ni mahali ambapo umri unaheshimiwa zaidi, kwa sababu mteja analipia uamuzi kwa siku, si kiti kwa mwaka. Utu uzima dawa, na wateja wenye homa hawamuulizi tabibu tarehe ya kuzaliwa. Lakini nenda kwa sababu umehesabu: akiba ya miezi kadhaa, wateja wawili wa kuanzia, bima ya afya, na uwezo wa kudai malipo kwa watu ambao ni marafiki zako. Ukienda kwa sababu umesukumwa, jua kwamba umesukumwa na uliandike kwenye daftari lile.

Na vijana? Wao hawabaguliwi?

Wanabaguliwa. Mafunzo kazini yasiyo na malipo na mawazo yao kuibwa na wakubwa ni mambo halisi. Wao ndio washirika wako wa kwanza katika jambo hili, na ukimsaidia mmoja apewe sifa ya kazi yake, umeshafanya zaidi ya semina.

Mimi ndiye mwajiri. Nifanye nini kinachosaidia kweli?

Kwanza toa takwimu zako mwenyewe. Wanawake wa miaka 45 na kuendelea ni wangapi idarani, wako ngazi gani, wangapi wameondoka ndani ya miaka mitano na wangapi wameingia. Waajiri wengi wanajua uwiano wa wanawake na wanaume, na hawajawahi kuuchanganya na umri. Ukiuchanganya unaona shimo.

Kisha rekebisha tangazo la kazi. Badala ya "uzoefu wa miaka mitatu hadi mitano", ambayo inaweka dari bila kusema, andika kazi yenyewe: "ataandika na kutetea msimamo wa taasisi ndani ya saa mbili za tukio". Kwenye usaili mpe kila mwombaji jaribio moja lile lile, na majibu yasomwe bila majina. Hakikisha jopo si la watu wa rika moja. Kama mnatumia programu ya kuchuja maombi, mtake aliyewauzia aonyeshe inawakataa akina nani. Kesi ya iTutorGroup iliibuka kwa sababu mwombaji mmoja aliyekataliwa alituma tena maombi yale yale akibadilisha tarehe ya kuzaliwa tu, na akaitwa kwenye usaili.

Pima pia kisichoonekana. Mwisho wa kila robo mwaka, uliza idara: ni habari gani mbaya hazikutoka, na nani alifanya nini? Andikeni majibu kwenye tathmini ya mhusika. Mwanzoni itaonekana ajabu kumpa mtu alama kwa jambo ambalo halikutokea. Idara za fedha hufanya hivyo kila siku na huita usimamizi wa vihatarishi.

Mafunzo ya zana mpya wapelekeni wote. Na mtangazaji, msemaji au mkuu wa idara anapoondoka, msiseme "sura mpya". Semeni sababu. Kama hamwezi kuisema mbele ya hadhira yenu, muirudie meza ya uamuzi.

Nimeombwa nimfundishe kijana anayechukua nafasi yangu. Nina haki ya kukataa?

Inategemea mkataba wako, na kukataa moja kwa moja kunaweza kusomwa kama utovu wa nidhamu. Njia nzuri ni kuomba agizo hilo kwa maandishi, pamoja na muda na cheo kipya cha kila mmoja wenu. Ombi hilo peke yake limewahi kusimamisha uhamisho, kwa sababu wengine hawataki kuandika kwamba anayefundishwa ndiye aliyeonekana anafaa zaidi.

Ukifundisha, fundisha vizuri, kijana hana kosa. Mpe taratibu, orodha za waandishi na kumbukumbu za kampeni, vyote ni mali ya ofisi. Kila kipindi mlichokaa kiandike: tarehe, mada, saa. Ukitoka, zile siku za kulalamika, thelathini kwa Tanzania, zinaweza kuwa zimeshaanza kuhesabiwa.